Mbegu za Mulenda Kutoka Kasongo

Mara ya kwanza kumwona Asia, alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake akiusemesha udongo. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1971. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na yule mwanamke mgeni, ambaye hata jina lake nilikuwa silijui bado, alikuwa ameinama akisema kwa sauti ya chini, "Basi nanyi tokeni. Wiki ya tatu hii."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua wa majani, nikianua nguo zilizokataa kukauka. Nikacheka. Akainua uso, naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

Ndivyo tulivyoanza ujirani wetu hapa Musonoi, mtaa wa machimboni pembeni mwa Kolwezi, nao ulidumu miaka kumi na mitatu.

Mumewe, Aruna, alikuwa mtu wa malori. Alibeba chumvi, vitenge na samaki wakavu kati ya Kolwezi, Fungurume na Kamina, akarudi na mahindi na mihogo mikavu. Mwaka huohuo alikuwa amekwenda kwao Kasongo kuoa, na mbele ya wazee wa huko alimwahidi mama mkwe wake kwamba binti yake angekaa Kolwezi misimu miwili tu, mpaka mtaji utengemae, kisha angemrudisha. Asia alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisafiri kwa lori mpaka reli, halafu siku nyingi ndani ya treni, na katika safari yote hiyo hakuruhusu mtu mwingine ashike mzigo wake.

Mimi naitwa Valérie. Mume wangu Mwenze alikuwa akiendesha mashine ya kutoboa miamba kwenye shimo la Musonoi, lile ambalo baruti zake zilitikisa masufuria yetu kila siku. Mwaka uliofuata serikali ilisema majina ya kizungu yaishe, nikawa Kisimba kwenye kitambulisho na Valérie kanisani. Asia hakuhangaika na lolote kati ya hayo mawili. Aliniita Mama Kalala, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, na alipojifungua binti yake nami nikamwita Mama Nuru.

Kiswahili chake kilitushangaza. Kilikuwa cha Kasongo, cha watu wa msikitini. Sisi tulisema batoto na bitu na tukatia Kifaransa katikati bila hata kujua. Yeye alisema watoto, vitu, tafadhali. Wanawake kwenye bomba la maji walimwiga wakicheka. Hakukasirika. Alijaza ndoo yake, akasema "Kwaherini," akaenda zake.

Katika ule mzigo kulikuwa na vitu viwili alivyopewa na mama yake siku ya kuondoka. Kimoja kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililojaa mpunga wa mbegu, limezibwa kwa nta. Cha pili kilikuwa kipande cha kitenge chenye mafundo matatu, na katika kila fundo kulikuwa na mbegu za mulenda, ndogo mno, zenye pembepembe, za kijani kilichofifia kama chuma.

Mulenda ni mboga ya majani yenye utelezi. Hata sokoni Kolwezi ilikuwako. Lakini Asia aliinunua mara moja, akaipika, akaonja, akaweka kijiko chini. Alisema hii ya hapa ina majani mapana na magumu, ya kwao ni membamba, laini, na ukiyavuta kutoka chunguni yanakufuata. Alisema mama yake, Bibi Latifa, alikuwa na kitalu cha mulenda nyuma ya jiko tangu kabla yeye hajazaliwa, na watu walitoka mtaa wa pili kuja kuomba.

Basi alipanda fundo la kwanza. Halikuota. Alichanganya udongo na samadi ya mbuzi, akangoja, akapalilia mahali pasipo kitu. Mwaka 1972, mvua zilipoanza, akamwaga fundo la pili, safari hii nyuma ya jiko lake la majani na kando ya ua, mpaka karibu na mlango, akidhani labda mahali pale kwanza palikuwa pabaya. Ukatoka mche mmoja, mmoja tu, mwembamba kama uzi. Kuku wangu akaula. Sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa aibu kama ile.

"Si kosa la kuku," aliniambia. "Udongo wa huku umenikataa."

Watu walimwunga mkono. Walisema ni vumbi la shaba, ni maji ya kiwanda, ni kwamba mtu akitoka mbali mbegu zake hazimfuati. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Lubudi, na maneno hayo hayakuniingia. Nikachukua kijiti, nikachimba palepale alipopanda, nikatafuta mpaka nikapata mbegu moja. Nikaisafisha kwa mate, nikaibonyeza kwa ukucha. Ilikuwa ngumu vilevile kama ilivyotoka kwenye fundo.

"Mama Nuru, angalia. Hii haikufa. Mbegu ya kufa inaozaka, inakuwa laini, inanuka. Hii inalala tu."

Aliichukua akaitazama muda mrefu kwenye kiganja.

"Basi iamshe."

"Mi siyui inaamukaka na nini. Kwetu Lubudi tunapandaka mahindi na karanga. Ile haina mambo mingi: unatia mu udongo, mvua inanyesha, siku tano inatoka. Hii yako ni lazima kuuliza mama yako."

Aliandika barua. Alikuwa amesoma madarasa manne na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Barua ilikwenda mkononi mwa mfanyabiashara mmoja, ikapita Kamina, ikalala nyumba kadhaa, na jibu likarudi baada ya miezi saba. Liliandikwa na kaka yake, maana Bibi Latifa hakujua kusoma. Asia alikuja nalo kwangu mbio, Nuru mgongoni, akanisomea tukiwa tumesimama mlangoni. Kulikuwa na salamu za watu wengi, habari za mavuno, habari za mbuzi. Halafu: "Kuhusu mulenda, mama anasema barua haiwezi kushika mbegu. Anasema ni jambo dogo sana, la kuona mara moja. Uje mwenyewe akuonyeshe."

Asia aliikunja barua.

"Unaona anavyonivuta?" alisema. "Anajua akiniambia, sitaharakisha kwenda."

Alicheka, akafurahi siku nzima. Alikuwa na sababu sasa. Hakuwa tena mke anayelilia kwao. Alikuwa mtu mwenye jambo la kwenda kuuliza.

Kile alichokikataa kabisa ni kulifungua kopo la mpunga. Nilimwambia mara nyingi. Nilimwambia mpunga haungoji, kwamba kwetu mbegu ya nafaka tunaibadilisha kila msimu: unapanda, unavuna, unaweka mpya. Ukiiacha ndani miaka mitatu, minne, utapanda makapi. Nilimwambia tutafute kibonde chenye maji, tupande kidogo, tupate mbegu mbichi.

"Huu si wa kupandwa huku," alijibu. "Huu ni wa kurudi nao. Mama alisema siku nikirudi na mume wangu, tuupande sote shamba moja, tule ubwabwa wake. Nikiupanda Kolwezi nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

Alilifuta vumbi lile kopo akalirudisha juu ya kabati.

Misimu miwili ilipita, ikapita mingine. Sitasema Aruna alikuwa mwongo. Aliitaka ile safari kama mkewe. Lakini mwaka 1974 Asia alikuwa na mimba ya Alimasi na miguu yake ilivimba. Mwaka uliofuata lori lilivunjika kati ya Lubudi na Kamina, likakaa kando ya barabara miezi mitano likingoja kipuri ambacho hakikupatikana nchi nzima. Kila mwaka, ukiisha mwezi wa nne na mvua kukatika, Asia alianza kukunja nguo. Alimnunulia mama yake kitenge chenye maua ya bluu, akakishona pindo mwenyewe kwa mkono. Kila mwaka, mwezi wa kumi, nguo zilirudi kabatini.

Jioni nyingine tulikaa kando ya mbabula zetu, majiko ya makaa, ua wa majani kati yetu ukiwa umetoboka kiasi cha kupitisha makaa ya moto kutoka kwangu kwenda kwake. Alinisimulia nyumba ya kwao. Niliijua mpaka nikawa naweza kutembea ndani yake gizani: mlango wa mbele wenye nakshi, ukumbi, chumba cha bibi yake mzaa mama, mlango wa nyuma, jiko, kisha kitalu. Alisema siku za kupanda mulenda mama yake aliamka mapema na kumtuma kwa shangazi kuazima jembe dogo. Aliporudi na jembe, mbegu zilikuwa tayari zimetandazwa kwenye ungo.

"Kila mwaka jembe la kuazima?" nilimwuliza. "Banakosa kununua jembe yabo?"

"Sijui. Hata mimi nilikuwa nauliza."

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1976 mzee Alfani, ndugu wa Aruna aliyefanya biashara ya mafuta ya mawese, alifika kutoka Kasongo. Nilimwona akishuka kwenye lori, nikamwona anavyovua kofia kabla ya kufika mlangoni, na nikaacha kufua.

"Asia, binti yangu, kaa chini."

"Nimekaa, baba."

"Mama yako ametangulia mbele ya haki."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Asia alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto shuleni. Ilikuwa zaidi ya miezi mitatu. Kile kitenge cha maua ya bluu alikuwa amemaliza kukishona pindo wiki mbili zilizopita.

"Alikuwa anaumwa?"

"Kifua. Siku chache tu. Alikuulizia. Lori lolote likitoka upande wa huku, alimtuma mtu kwenda kutazama nani ameshuka."

Asia hakupiga kelele. Alivuta ushungi akafunika uso, akakaa vile mpaka chai ya mgeni ikapoa. Mimi ndiye niliyelia kwa sauti, mimi ambaye Bibi Latifa sikumwona hata siku moja.

Siku iliyofuata alilishusha kopo. Alichokonoa nta kwa kisu, akamimina mpunga kwenye sinia. Ulikuwa safi, haukuwa na mdudu hata mmoja, na ulinukia nyumba ya watu nisiowajua. Tulichukua punje ishirini, tukazifunga katika kitambaa kibichi, tukakiweka mahali penye joto karibu na mbabula. Asia alikinyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya nne tulifungua: hakuna. Siku ya nane: hakuna. Siku ya kumi na moja nilizibonyeza zikapondeka kama uji, na zilinuka.

Nilikuwa nimemwambia. Miaka mitatu mizima nilikuwa nimemwambia, na siku ile nilitamani mno ningekuwa nimekosea.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, mama."

Alitazama sinia. Kisha akasema, "Basi tutwange."

Akaupika ule mpunga kwenye kisomo cha mama yake, siku ya arobaini tangu habari ilipofika. Tulitwanga mimi naye, mchi juu mchi chini, tukapepeta, tukachagua mawe. Waislamu wa Musonoi walikuja, na wanaume wachache kutoka Kolwezi mjini, wakasoma na kuomba. Wali haukutosha, kila mtu alipata matonge mawili, matatu. Mimi Mkatoliki nilikula pamoja nao. Mbegu iliyokufa bado ni chakula, hilo nilijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kula chakula kigumu kumeza kama kile, ingawa kilikuwa kitamu.

Baada ya hapo Asia aliacha kukunja nguo mwezi wa nne. Fundo la tatu la mulenda alilitupa ndani ya sanduku la vyombo vya sherehe, na hakuzungumza tena habari ya mbegu. Aliyekuwa na jibu alikuwa ameondoka nalo. Kaka yake hakujua. Aliandika kwamba mambo ya kitalu yalikuwa ya wanawake, na kwamba kitalu chenyewe sasa kilikuwa kimeota majani tu.

Alianza kuuza mboga sokoni: lengalenga, sombe, mulenda ileile ya majani mapana ya Kolwezi. Alikuwa muuzaji mzuri. Ila niligundua kwamba mteja akimwuliza, "Mama, hii ni tamu?" alijibu tu, "Ni mbichi, ya leo asubuhi."

Mwaka 1978, mwezi wa tano, vita iliingia Kolwezi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Sitasimulia yote, waliokuwako wanajua, na wasiokuwako wamesikia. Siku kadhaa tulilala chini ya vitanda, watoto wake na wangu pamoja, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa na ukuta wa matofali. Aruna alikuwa safarini upande wa Kamina na hatukujua kama yuko hai. Tulipopata mwanya tuliondoka kwa miguu na watu wengine, kupita porini, kuelekea kwetu Lubudi. Asia alibeba Alimasi mgongoni, Nuru akamshika mkono, na kichwani sanduku lilelile la vyombo, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango. Siku ya nne lori la mkaa likatuchukua. Wiki tatu baadaye Aruna alifika Lubudi akiuliza soko zima kama kuna aliyemwona mwanamke anayesema Kiswahili cha Kasongo. Walimleta moja kwa moja mpaka kwa mama yangu.

Tulirudi Musonoi mwezi wa saba. Nyumba zetu zilikuwa zimesimama, zikiwa zimeibwa kila kitu. Lakini lile jiko la majani la Asia lilikuwa limeungua, na ua kati yetu ulikuwa umeungua wote, umebaki mstari mweusi ardhini kutoka kona mpaka kona. Hatukujua moto ule uliwashwa na nani, wala hatukuuliza. Tuliweka magunia mahali pa ua, tukaendelea kuishi.

Mvua za kwanza zilikuja katikati ya mwezi wa kumi. Wiki moja baadaye nilitoka asubuhi na jembe ili nilime ile sehemu iliyoungua, nipande matembele kabla magugu hayajapatawala. Kulikuwa tayari na miche mingi, midogo, imebanana. Niliinua jembe.

"Mama Kalala! Usiguse!"

Asia alikuwa amesimama na ndoo. Aliitua, maji yakamwagika, akaja akapiga magoti kwenye majivu na nguo yake safi ya sokoni. Aling'oa mche mmoja, akausogeza karibu na macho. Kwenye kila jani, pale linapoungana na kikonyo, palikuwa na nywele mbili ndogo, kama masharubu ya panya.

"Hizi," alisema. "Mama alinifundisha kuutambua kwa hizi, ili nisiuchanganye na gugu." Akaninyoshea ule mche. "Huu ni wetu. Majani membamba. Angalia. Angalia, Valérie!"

Hakuwahi kuniita Valérie kabla ya hapo, wala baadaye.

Tulihesabu miche mia na zaidi. Mbegu alizomwaga mwaka 1972 zilikuwa zimekaa mle ardhini miaka sita, mvua sita juu yake, miguu yetu juu yake, maji ya kuoshea vyombo juu yake, bila kuoza na bila kuota. Mimi nilianza kusema ni muujiza, nikataka tuite padri. Asia hakunisikiliza. Alikuwa ameinuka, akitembea huku na huku, akitazama chini.

"Imetoka wapi tu?" aliuliza.

"Namna gani, wapi?"

"Mbegu nilimwaga hapa kote, mpaka kule kwenye mlango. Kule hakuna hata mmoja. Imetoka palipoungua tu. Palipokuwa jiko na palipokuwa ua."

Kweli. Ungeweza kuchora kwa kamba. Ndani ya weusi kulikuwa kijani. Nje yake, udongo mtupu.

Asia alikaa kwenye ndoo iliyopinduka. Soko alilisahau. Kisha akaanza kuzungumza, si na mimi hasa.

"Siku za kupanda kulikuwa na sufuria jikoni. Nikitoka kwenda kuazima jembe, sufuria iko motoni, inachemka. Nikirudi, imeepuliwa, na hakuna chai. Nilikuwa nafikiri ni maji ya kuoga ya bibi." Alinitazama. "Na kitambaa. Mbegu zilikuwa kwenye ungo, lakini kitambaa kilikuwa kwenye kamba, kimelowa, kinatoa mvuke. Kila mwaka. Na mimi natumwa jembe!"

"Alikuficha?"

"Hakunificha. Jembe lilikuwa la shangazi na mimi ndiye niliyekuwa na miguu myepesi. Ni hivyo tu."

Aliingia ndani akalifungua sanduku. Fundo la tatu lilikuwa mle chini ya vikombe, limekaza mpaka tulitumia meno. Alizigawa mbegu sehemu mbili. Moja aliipanda kavu katika kopo la udongo. Nyingine aliifunga katika kipande cha kitenge. Sufuria ilipochemka nilimshika mkono.

"Utabipika! Ni bya mwisho, Mama Nuru. Kama bikikufa hakuna tena."

"Vikifa nitajua vimekufa," alisema.

Akazamisha. Alihesabu moja mpaka kumi kwa sauti, akavuta, akakitumbukiza kitambaa katika maji baridi. Mkono wake ulikuwa imara, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Mbegu akaziweka katika kopo la pili, tukayaweka makopo yote mawili dirishani kwangu, kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa upande wangu.

Siku ya nne udongo wa kopo la pili ulipasuka mistari. Siku ya sita kopo lilikuwa limejaa miche. Mbegu hizo zilikuwa na miaka saba tangu zitoke Kasongo, na kabla ya hapo sijui. Katika kopo la kwanza ulitoka mche mmoja.

Alipovuna mara ya kwanza alipika sufuria kubwa. Aruna alikula amepandisha mikono ya kanzu, watoto walikula wakicheka kwa ule utelezi, mimi na Mwenze tulikula na bukari, ugali wetu, mpaka tukashindwa kuinuka. Asia alionja. Nilikuwa nikimtazama. Alitafuna, akameza, akachukua tonge la pili, akameza.

"Ni yenyewe?" nilimwuliza.

"Ni yenyewe." Akalamba vidole. "Mawese ya huku si mawese. Na chungu. Mama alipikia chungu." Halafu akasema, "Nilifikiri nikiipata nitashiba."

Hakulia. Alinawa mikono, akamwosha Alimasi uso, akakusanya vyombo.

Mulenda ya Kasongo ilienea Musonoi, halafu ikavuka mpaka mitaa ya Kolwezi. Asia aliuza majani, na mwenye kutaka mbegu alimpa mbegu, lakini si kabla hajamwita nyumbani kwake, akamkalisha karibu na mbabula, akamwonyesha: kitambaa, maji yanayochemka, moja mpaka kumi, maji baridi. Wengine walisema, "Eleza tu, mama, tutakumbuka." Alikataa. Alisema waangalie mpaka mwisho. Nuru alipofika miaka minane alikuwa akizamisha mwenyewe, na mama yake hakumtuma popote wakati huo.

Niliwahi kumwuliza kama sasa angeweza kusema Kolwezi ni kwao. Tulikuwa tukichambua mboga. Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayepima nguo mwilini.

"Hapana," alisema. "Lakini sichukii tena kuulizwa."

Mwaka 1984 Aruna aliuza lori. Mgongo wake ulikuwa umeharibika na barabara zilikuwa zimeharibika zaidi. Kaka yake Asia aliandika kwamba nyumba ya Bibi Latifa inavuja na hakuna wa kuikalia, kwa hiyo wakaamua. Miaka kumi na mitatu baada ya ile misimu miwili, nilimsindikiza stesheni. Treni ilichelewa tangu asubuhi mpaka alasiri, tukakaa juu ya mizigo. Alinipa mbabula yake. Nilimpa kitambaa cha mezani nilichoshona mwenyewe. Nuru alilia kwa sababu ya rafiki zake wa shule. Treni ilipofika kila mtu alikimbia, nasi tulishikana mikono haraka haraka kati ya magunia ya watu, na nikabaki nimesimama na kipande cha kamba mkononi ambacho sijui kilitoka mzigo gani.

Barua moja ilifika, mwaka uliofuata. Alisema wamefika salama. Alisema amefungua mlango wa nyuma akasimama pale, na kitalu kilikuwa kidogo mno, kidogo kuliko kitanda. Miaka yote alikuwa akikiona kikubwa. Alisema wanawake wa mtaa wanamcheka anavyosema, wanamwita Mama wa Kolwezi, na kwamba jioni, akiwasha moto, mara nyingine anageuka kuomba makaa upande usio na mtu.

Nilimjibu. Nilimwambia nyumba yake amepanga kijana wa Fungurume, fundi wa mitambo, mpole, asiye na mke. Halimi, na lupango lote, kiwanja kizima cha nyumba, limekuwa majani. Nilimwambia Mwenze bado anakohoa kwa vumbi la mgodini na Kalala amepata kazi. Niliandika kurasa tatu, nikazisoma, nikaona sijasema nililotaka kusema, nikaongeza ukurasa wa nne kuhusu mvua. Barua nilimpa dereva mmoja aliyekuwa akienda Kamina, mtu mwaminifu, ndugu wa Kabongo muuza samaki. Alisema angempa mwenzake wa treni, na huyo angempa mwingine.

Sijui kama ilifika.